Viatu Vivuliwe Kabla ya Kisu

Jamaa wanaosubiri kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji huambiana kwamba jambo limetokea ghafla. Juzi alikuwa akitembea, jana ameletwa na homa, leo daktari anataka saini ili kidole kikatwe, au nusu ya unyayo, au mguu mzima chini ya goti. Lakini mguu wenyewe ulikuwa na miaka ukitoa taarifa. Ulianza kwa kuwaka moto usiku, ukafuata mchomo kama wa sindano, kisha ganzi, kisha sugu nene chini ya kidole gumba, sugu ikapasuka na kidonda kikagoma kupona. Kila hatua ilikuwa na tiba yake, na tiba nyingi kati ya hizo hazihitaji kisu. Hoja yangu ni hii: kinachowapokonya watu wa Kawangware, mtaa wa Nairobi, miguu yao si uzembe. Ni kwamba katika miaka yote hiyo, mara nyingi hapakuwa na mhudumu wa afya aliyewaambia wavue viatu. Kila anayefika kituo cha afya akiwa na ugonjwa wa sukari, na kila anayelalamikia nyayo, avue viatu na soksi siku hiyo hiyo, miguu iangaliwe na kuguswa, na yaliyoonekana yaandikwe kwenye kadi yake.

Anayetaka kujua miguu inabeba nini katika jiji hili asimame steji ya 56 ya Kawangware kabla jua halijachomoza. Wanaoshika Barabara ya Gitanga kuelekea Lavington ni kina mama fua wanaotafuta nyumba ya kufulia, vijana wa mjengo waliotia mabuti ndani ya begi, wapishi na yaya wanaowahi kabla mwajiri hajaamka. Njiani wanapishana na walinzi wanaorudi baada ya kusimama langoni usiku kucha. Wengine wanakwenda hadi Kileleshwa na Kilimani. Matatu zipo, lakini nauli ya kwenda na kurudi huumega ujira kabla haujapatikana, na kibarua chenyewe hakina uhakika. Tafiti za usafiri za Nairobi zimeonyesha mara kwa mara kuwa zaidi ya theluthi moja ya safari za kila siku hufanywa kwa miguu. Viatu vinavyofanya kazi hiyo ni vya mitumba, vilivyochaguliwa kwa bei kabla ya kipimo, au ni akala, au ni gambuti za mvua ambamo mguu hushinda umeloa. Katika maisha ya namna hii maumivu ya unyayo hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Yanahesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na hutulizwa kwa vidonge viwili vya duka la dawa na beseni la maji moto jioni.

Ndiyo maana lawama tunazozisikia kila mara, kwamba watu wetu hupuuza afya zao, zinaniudhi. Mama fua anayeahirisha kwenda kliniki hajapuuza chochote. Amepiga hesabu. Kwenda kliniki ni kupoteza siku nzima, na siku iliyopotea ni kodi ya nyumba iliyopungua na unga ambao haukununuliwa. Upande wa pili wa mizani kuna maumivu ambayo ameyazoea na ambayo asubuhi hupungua akishaanza kutembea. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akipewa vitu hivyo viwili apime, angeweza kuamua vivyo hivyo. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba kuna jambo moja halimo, na halimo kwa sababu hakuna aliyemweleza: maumivu yanayokoma yenyewe bila tiba huenda ni dalili mbaya kuliko maumivu yanayoendelea.

Sukari inapokuwa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mirefu kuliko yote, ile inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo huanza kufa. Mwanzoni huwaka na kuchoma, hasa usiku. Baadaye hunyamaza, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona. Wakati huohuo mishipa ya damu hupungua upana, na kidonda kikitokea hakipati damu ya kutosha kukiponya. Mtu aliyetufunza thamani ya maumivu kuliko wengi ni Paul Brand, daktari mpasuaji aliyewatibu wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma hula vidole. Brand alionyesha kuwa vidole vilipotea kwa sababu mgonjwa hakusikia alipoungua, alipokatwa wala jiwe lilipoingia kiatuni, akaendelea kutumia kiungo kilichojeruhiwa mpaka kikaoza. Mguu wa mwenye sukari hupita njia hiyohiyo. Jijini Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa sukari waliong'atwa nyayo na panya wakiwa usingizini, bila kusikia chochote. Anayejua nyumba za mabati za Kawangware na Kibera, na panya walivyo humo, hatahitaji kuelezwa zaidi. Na lile beseni la maji moto la jioni, ambalo kwa mguu mzima ni faraja, kwa mguu uliokufa ganzi ni hatari: ngozi huungua na kubambuka, na mwenyewe huliona jambo hilo kesho yake asubuhi soksi inapogandamana na kidonda. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa wembe wa kuchongea sugu. Mkono unaona, mguu hausikii, na wembe unapita mpaka nyama.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kati ya wagonjwa 1,788 wa sukari waliochunguzwa, asilimia 4.6 walikuwa na vidonda vya miguu, na karibu nusu ya vidonda hivyo vilitokana na mishipa ya fahamu iliyokufa. Hao walikuwa watu wanaojua kuwa wana sukari na waliofika hospitali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu Wakenya watu wazima 88 kati ya kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Tafiti za nje zinakadiria kwamba mwenye sukari ana uwezekano wa kati ya asilimia 19 na 34 kupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani, na kwamba zaidi ya nane katika kila miguu kumi ya wenye sukari iliyokatwa ilianza na kidonda. Tukiyaweka pamoja, picha ni wazi. Wapo watu wanaoshuka Barabara ya Gitanga kila asubuhi wakiwa na nyayo zinazowaka, hawajui wana sukari, na dalili ya kwanza ya ugonjwa wao iko ndani ya kiatu ambacho hakuna anayekiomba kivuliwe.

Ukaguzi ninaoudai si wa mashine. Madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walibuni njia ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza kwa muda mfupi. Mgonjwa hufumba macho, miguu ikiwa wazi. Mhudumu humgusa kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, bila kubonyeza wala kusugua, kwa sekunde moja au mbili. Huanza na kidole gumba cha mguu, kisha cha kati, kisha kile kidogo cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, na mgonjwa husema kila anapohisi. Ni sehemu sita tu. Asipohisi mbili au zaidi, miguu yake iko hatarini. Kisha mhudumu hutazama kati ya vidole, ambako fangasi na michubuko hujificha, hutazama kisigino kama kimepasuka, hupapasa kama mguu mmoja ni wa baridi au wa moto kuliko mwenzake, na mwisho huingiza mkono ndani ya kiatu kutafuta msumari uliotokeza au mshono uliokunjamana. Hilo la kiatu wengi hulisahau, nalo ndilo huonyesha kidonda cha mwezi ujao kitatokea wapi.

Wala si nadharia ya ng'ambo. Tanzania, pamoja na India, ndiko ulikojaribiwa kwanza mpango wa hatua kwa hatua wa kuokoa miguu ya wenye sukari mwanzoni mwa miaka ya 2000. Madaktari na wauguzi walichukuliwa wawiliwawili kutoka vituo vya mikoani, wakafunzwa kukagua miguu, kusafisha vidonda na kuondoa sugu kwa usalama, wakapewa vifaa vya kawaida na kurudishwa makwao, kisha wakafunzwa tena baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 na Dkt. Abbas na wenzake yalionyesha kwamba huduma ya miguu iliimarika na ukataji ukapungua katika vituo vilivyoshiriki. Ninaupenda mfano huu kwa sababu haukusubiri hospitali mpya ijengwe. Ulianza na watu waliokuwepo kazini tayari, wawili katika kila kituo.

Sisi tuna watu wengi zaidi ya hao. Mwezi Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kipimo cha sukari. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua ploti na wapangaji wake, wanajua nani amelala ndani wiki nzima. Mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya kisukari, uliotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2018, unataka miguu ya kila mgonjwa ichunguzwe kikamilifu angalau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo watu wapo, vipimo vipo, na kanuni imeandikwa. Pengo liko pale ambapo kidole cha mkono kinatobolewa, tone la damu linapimwa, namba inaandikwa daftarini, na mgonjwa anaondoka na viatu vyake miguuni. Namba hiyo inasema sukari ya leo asubuhi. Unyayo ungesema sukari imefanya nini kwa miaka kumi.

Nitaambiwa kwamba wauguzi wamezidiwa. Ni kweli, na asiyekubali hajawahi kupanga foleni ya kituo cha umma siku ya Jumatatu. Hata hivyo kazi iliyokwepwa kwenye foleni haipotei. Inahamia wodini, ambako mgonjwa mmoja mwenye mguu uliooza huchukua kitanda kwa majuma, hufungwa kidonda kila siku, humezeshwa dawa kali za kuua vijidudu, na hurudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza kilikatwa kidole tu. Muuguzi yuleyule tunayemhurumia leo ndiye atakayeibeba kazi hiyo ya kesho, au mwenzake wa hospitali ya Mbagathi ataibeba. Isitoshe, wagonjwa wa kliniki ya sukari husubiri kwa saa kadhaa kabla ya kumwona daktari. Wanaweza kuvua viatu wakiwa bado kwenye benchi, na mhudumu wa jamii aliyefunzwa akawagusa vidole mmoja baada ya mwingine, ili daktari apokee kadi iliyokwisha kuandikwa. Lakini wahudumu hao wa jamii nao walipwe. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, zikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, na wamelazimika kulalamika hadharani kuhusu kucheleweshwa. Kumwongezea mtu kazi huku malipo yake ya zamani hayajafika ni dhuluma, na hoja yangu haitasimama ikijengwa juu yake.

Kipingamizi kigumu zaidi hakitoki kwa wahudumu, kinatoka mtaani: ukienda hospitali na mguu, watakukata. Woga huu usibezwe. Watu wameona kwa macho yao jirani akienda na kidonda na kurudi kwa magongo, au asirudi kabisa. Walichokiona ni kweli. Kisichoonekana ni siku aliyokwenda. Aliyekwenda nyama zikiwa zimekwisha kufa na usaha umepanda kifundoni hukatwa ili asife, na hata hapo tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa nusu au zaidi ya wenye sukari waliokatwa mguu juu ya kifundo hufariki ndani ya miaka mitano. Aliyekwenda mapema hakuwa habari mtaani, kwa kuwa alirudi akitembea. Huenda alisafishwa kidonda, akatolewa ngozi iliyokufa, akafungwa na kuambiwa asiukanyage mguu huo kwa muda. Huenda alitumbuliwa jipu dogo kwa upasuaji wa dakika chache uliomwokolea mguu wote. Woga wa kisu, ukimweka mtu nyumbani, ndio unaokileta kisu kikubwa. Hilo linapaswa kusemwa kanisani, msikitini na kwenye chama, na lisemwe na waliopona, kwa sababu kauli ya daktari peke yake imeshindwa kuuvunja woga huu.

Kuna pia suala la fedha, na hapa mpangilio wa bima unaipa hoja hii nguvu. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya ile ya NHIF, huduma za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi, kwa mtu aliyejisajili. Ukifika hospitali kubwa kwa kulazwa na kupasuliwa, unahitaji uwe umelipa mchango wako, na kwa asiye na mshahara mchango huo hukadiriwa na kudaiwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kibarua wa Kawangware kulipa kwa mkupuo si jambo jepesi, ingawa mpango wa Lipa SHA Pole Pole umeletwa kumsaidia. Maana yake ni kwamba mguu uleule, ukikaguliwa mapema, uko upande ambao serikali imeahidi kulipa, na ukichelewa huvuka kwenda upande ambao mgonjwa hudaiwa kwanza. Baada ya hapo kuna mguu bandia. Shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, lina karakana yake Barabara ya Waiyaki, si mbali na Kawangware, na linafanya kazi ya heshima kubwa. Lakini mguu bandia una gharama, unahitaji kurekebishwa, na hauwezi kupanda ngazi za mjengo na ndoo ya zege kama ule wa kuzaliwa. Mama fua aliyepoteza mguu amepoteza mguu na kazi siku moja.

Wapo watakaosema maumivu mengi ya miguu hayahusiani na sukari, kwa hiyo nitawatisha watu bure. Ni kweli kwamba mengi hayahusiani. Kisigino kinachouma kwa hatua za kwanza za asubuhi kisha kikatulia mara nyingi ni utando wa chini ya unyayo uliochoshwa, na huhitaji kunyooshwa, kupumzishwa na kiatu chenye soli nzuri. Kidole gumba kinachovimba na kuwa chekundu usiku mmoja huenda ni gauti. Kucha iliyoingia nyamani, msumari wa mjengo uliopenya soli, kiatu kinachobana vidole kwa miaka mpaka mfupa ukapinda, vyote hivyo vina njia zake, na baadhi huishia kwa upasuaji vikiachwa. Kipingamizi hiki, kwa maoni yangu, kinaunga mkono ukaguzi badala ya kuupinga. Mgonjwa hawezi kujua maumivu yake ni ya kundi gani akiwa kaunta ya duka la dawa, na anayemuuzia vidonge pale hajauona mguu. Vidonge vya kutuliza maumivu vikimezwa miezi na miaka huumiza tumbo na figo, na figo za mwenye sukari tayari ziko mashakani. Dakika mbili za kuangalia zingewaondolea hofu wengi wasio na tatizo kubwa, na kuwatenga wachache wenye hatari ili wapewe rufaa wakiwa bado na miguu miwili.

Lipo jukumu la mtu binafsi, nami silikwepi. Mwenye sukari atazame nyayo zake kila jioni, akitumia kioo au macho ya mwanawe kama hawezi kuinama. Anunue viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi ya siku, si asubuhi. Apime joto la maji kwa kiwiko kabla ya kuingiza mguu. Asichonge sugu. Lakini mambo haya hujulikana na aliyefundishwa, na mafunzo hayo hutolewa vizuri zaidi mhudumu akiwa ameushika mguu wenyewe mkononi, akionyesha hapa na pale, kuliko kwa bango lililobandikwa ukutani juu ya vichwa vya watu.

Afya ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010 ilipogatua huduma hizi. Idara ya afya ya Nairobi haihitaji sheria mpya wala idhini ya Bunge kuamuru kwamba kadi ya kliniki ya sukari iwe na mstari wa mguu wa kulia na mguu wa kushoto, na kwamba kadi yenye mstari mtupu isihesabiwe kuwa mgonjwa amehudumiwa. Ianze na vituo vichache vya Dagoretti, kikiwemo cha Riruta ambacho watu wa 56 hukifikia kwa miguu, na ivifungue mara moja kwa juma saa za alfajiri au za jioni, ili anayeishi kwa kibarua asilazimike kuchagua kati ya mguu na ujira wa siku. Baada ya mwaka mmoja ihesabu miguu mingapi ilikaguliwa, mingapi ilikutwa na ganzi, na wangapi kutoka maeneo ya vituo hivyo walikatwa, kisha takwimu hizo zitangazwe kwa wananchi.